Mninyang'anye Leseni: Lawama za Mtu Aliyevuta Boti ya Shemeji Yake

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Leseni za Udereva.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: OMBI LA KUNYANG'ANYWA LESENI, NA LAWAMA KWA OFISI YAKO KWA KUNIPA

Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai na foleni ya nje si ndefu. Mimi ni mzima wa mwili. Ninauza magodoro, nina pikapu moja, mke mmoja, na shemeji mmoja ambaye ana wiki tatu hajanisemesha. Leseni yangu nimeibandika kwa gundi kwenye kona ya juu ya ukurasa huu, ili asitokee mtu wa kusema haikufika.

Najua watu wengi wanakuandikia wakilia kwamba mmewachelewesha leseni. Mimi nalia kwamba mliniwahisha. Nimesoma mpaka darasa la mwisho la shule ya msingi na kidogo cha mbele, kwa hiyo nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba, na naomba uyasome kwa mfululizo huohuo, usirukie mwisho.

1. Lalamiko la kwanza ni dhidi ya ofisi yako. Miaka ishirini na miwili iliyopita mtahini wenu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikaa kando yangu akasema nizunguke, nisimame, nirudi. Nikazunguka, nikasimama, nikarudi. Akagonga muhuri. Hakuniuliza kama nimewahi kuvuta kitu nyuma ya gari. Hakuniuliza kama ninaweza kusema "sijui". Hili la pili ndilo linaloniuma, kwa sababu ningefeli palepale, na hayo mengine yote yasingetokea.

2. Lalamiko la pili ni dhidi ya magodoro. Ndugu Mkuu, godoro ni mzigo mwongo. Ukipanga magodoro thelathini kwenye pikapu, ukayafunga kamba, mzigo unapanda juu kuliko paa la nyumba. Watu wanasimama njiani, wanashika videvu. Mtaani wananiita Tani Tano. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikipita na mlima mgongoni, napunga mkono, na mzigo wote ukiupima haufiki uzito wa wanaume wanne walioshiba. Lakini jina ukiitwa kila siku linakuingia. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mtu wa mizigo mizito. Na pikapu nayo iliamini, maskini.

3. Lalamiko la tatu ni dhidi ya makofi ya wakwe.

Hapa lazima nikueleze kuhusu boti. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ni seremala. Ametengeneza vitanda, milango, makabati, na madawati ya shule nzima. Miaka saba iliyopita alianza kutengeneza boti nyuma ya karakana yake. Tulipomuuliza kulikoni, akasema, "Kila nilichotengeneza maisha yangu yote, ukikiweka hapa kinakaa hapa. Nataka kabla sijazeeka nitengeneze kitu kimoja kinachoondoka." Basi miaka saba anaranda, anapiga misumari, anaziba nafasi kwa pamba na lami. Kila ubao aliupima kwenye mizani kabla haujaingia, na uzito akauandika kwa penseli kwenye ukuta wa karakana, mstari chini ya mstari, mpaka ukuta ukawa kama daftari. Alitaka boti ambayo pikapu ya kawaida inaweza kuivuta kilomita sita mpaka ziwani. Mara mbili alizipunguza mbavu za boti kwa randa ili hesabu isizidi.

Mtu wa kuivuta alikuwa ameshapatikana. Kuna dereva wa lori la mbao, mtu mtaratibu, ameshavuta matrela maisha yake yote. Siku ya kikao cha familia shemeji akasema dereva huyo atakuja Jumamosi. Mimi nikasimama. Hakuna aliyeniita. Nikasema, "Shemeji, mimi nipo hapa, Tani Tano mzima, halafu wewe unakwenda kutafuta mtu wa nje?"

Wakapiga makofi. Ndugu Mkuu, kwa wakwe zangu mimi siku zote nimekuwa "yule wa magodoro". Hayo yalikuwa makofi yangu ya kwanza katika nyumba ile tangu harusi, na kwenye harusi nadhani walikuwa wanampigia bibi harusi. Shemeji alinitazama kidogo, akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Swali gani hilo, shemeji?" Hapo ungekuwepo ungeniokoa, lakini ofisi yenu inafungwa mapema.

4. Dhidi ya fundi wa kuchomelea, aliyetengeneza trela. Lawama yangu kwake ni kwamba alisema ukweli kwa sauti ya chini. Alinivuta pembeni akaniambia mambo manne. Kwamba uzito mwingi ukae mbele ya matairi ya trela, maana mkia ukiwa mzito trela itanichezea kama mkia wa mbwa. Kwamba kwenye mteremko nishuke na gia ndogo, nisilalie breki. Kwamba trela ikianza kuyumba nisikanyage breki ghafla wala nisipigane na usukani, niachie mafuta taratibu na kushika usukani wima. Na kwamba nimwoneshe kile kitabu cha gari, ule ukurasa unaosema pikapu yangu inaruhusiwa kuvuta uzito gani.

Yote manne niliyajibu kwa neno moja: "Najua." Ule ukurasa nilikuwa nimeuchana siku nyingi, nikaukunja mara nne, nikauweka chini ya mguu wa meza ya dukani kwangu iliyokuwa inacheza. Bado upo hapo. Meza imetulia vizuri sana.

Mtu mwenye jambo la maana kama hilo alipaswa kunishika kola na kupiga kelele. Nashangaa mafundi wa siku hizi.

5. Dhidi ya kanuni ya kurudi nyuma na trela, ambayo sijui nani aliipitisha. Ukikata usukani kulia, trela inakwenda kushoto. Ukikata kushoto, inakwenda kulia. Niliambiwa ndivyo ilivyo dunia nzima. Sikuamini, nikaifuata akili yangu, nikaingiza kisigino cha trela kwenye kibanda cha kinyozi. Ndani alikuwemo mwalimu mkuu msaidizi wa shule iliyo chini ya mteremko, ameshanyolewa upande mmoja. Ukuta ulilala taratibu, mashine ikazimika, mwalimu akatoka na shuka shingoni na nusu ya nywele zake. Hakutukana. Alisema tu, "Kijana, hiyo boti inakwenda wapi?" Nina miaka arobaini na minane. Nikamjibu inakwenda ziwani. Akasema, "Basi nami naja kuangalia, kwa sababu hapa nimeshaharibikiwa."

6. Dhidi ya mpira wa chuma. Nyuma ya pikapu kunafungwa kichwa cha chuma cha mviringo, mafundi wanakiita mpira, na trela ina kikombe kinachokaa juu yake. Mpira wangu ulikuwa mdogo kuliko kikombe. Fundi alinipa wa saizi yake, uko bado dukani kwenye mfuko wake. Niliona uvivu kufungua nati za ule wa zamani. Nikauzungushia mpira wa tairi ya baiskeli, mizunguko mitatu, ukajaa, nikapiga kofi juu yake nikasema, "Hautoki huo." Minyororo ya tahadhari niliivua kwa sababu ilikuwa inaburuza na kupiga kelele, na mimi nilitaka tuondoke kwa heshima. Mahali pake nikafunga kamba za magodoro. Lile gurudumu dogo la mbele la trela, la kuisimamisha ikiwa haina gari, nilisahau kulipandisha. Hilo nakuomba ulikumbuke, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokosea kikatusaidia.

7. Dhidi ya shangazi. Huyu ni shangazi wa mke wangu, mama wa watu wazima, ambaye hajawahi kupanda boti. Alisema haiwezekani boti ya ukoo ipite mjini tupu kama jeneza la kukodi. Akapandishwa na kiti chake cha plastiki, akakaa nyuma kabisa, penye nafasi. Fundi akafungua mdomo. Mimi nikamwambia fundi asitie uzito kwenye furaha za watu.

Tukaondoka. Mke wangu kando yangu, shemeji mbele kwa miguu akisimamisha magari kwa shati lake jekundu, mwalimu wa nusu kichwa nyuma, na watu wanapiga vigelegele. Nilikuwa na furaha, sitakuficha. Mita kama mia tano hivi shangazi akaanza kugonga boti kwa ndani. Nikasimama. Akainama kutoka juu, akaniambia kwa sauti ambayo mke wangu aliisikia vizuri, "Mkwe wangu, humu chini ya mbao kuna mto."

Nikasema, "Hayo ni mafuta ya injini, shangazi."

Akasema, "Mkwe, mimi nimezaa watoto sita na nimebeba maji miaka hamsini. Najua sauti ya maji. Niteremshe."

Akateremshwa na kiti chake. Akasema atatembea. Lawama yangu kwake ni kwamba alisema ukweli wakati mimi napigiwa vigelegele, na mtu anayepigiwa vigelegele ana haki ya kutosikia. Mke wangu alinigeukia akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaangalia mbele.

8. Dhidi ya mteremko, ambao naomba serikali iufikirie upya. Ulikuwepo kabla yangu, sikatai. Lakini ungeweza kuwa mfupi.

Niliingia na gia kubwa. Mwanzoni ilikuwa kama kuteleza kwenye kapeti. Kisha nikasikia pikapu inasukumwa. Umewahi kusukumwa na mtu mnene kwenye foleni, huku anajifanya hakugusi? Ndivyo ilivyokuwa. Nikalalia breki. Kile kitu chini ya mbao kikaja mbele, kikapiga, pua ya pikapu ikazama. Nikaachia breki. Kikarudi nyuma, na mimi nikahisi tako la pikapu linanyanyuka. Trela ikaanza kwenda huku na huku. Nikakumbuka maneno yote manne ya fundi, kwa utaratibu, kama sala, na nikafanya kinyume cha kila moja. Nilikanyaga breki mpaka chini. Nikapigana na usukani. Shemeji alikuwa ameshatoka barabarani na shati lake.

Halafu kukawa kimya. Gari likawa jepesi ghafla, zuri, kama limebeba magodoro. Nikasema moyoni, ahaa, nimelidhibiti. Nikaangalia kwenye kioo, nyuma hakuna kitu. Mke wangu akasema, "Baba watoto, ile si ndiyo boti yetu?"

Ilikuwa inatupita upande wake. Inakwenda zake kwa lile gurudumu dogo, imenyooka, haina haraka ya aibu. Ndugu Mkuu, miaka ishirini na miwili ya udereva ikaniongoza: nikaipigia honi. Haikusikia. Ikakata ua wa michongoma, ikaingia uwanja wa mpira wa shule, ikaserereka juu ya nyasi na kusimama kati ya milingoti miwili ya goli bila kugusa hata mmoja. Watu waliokuwa kwenye kilima wakashangilia goli. Mwalimu msaidizi alifika akihema, akaitazama, akatazama uwanja wake, akasema, "Sasa hapa ndiyo imefika kwangu."

Hakuna aliyeumia. Hilo nalirudia kwa ajili ya faili lako. Hakuna aliyeumia, isipokuwa ua, kibanda, na mtu mmoja nitakayemtaja sasa.

9. Hapa sina wa kumlaumu. Nilijaribu kutafuta mtu nikamkosa, kwa hiyo namba tisa ni yangu.

Wiki tatu kabla ya siku ile shemeji alisafiri kwenda kumpeleka mama yao hospitali, akaniachia ufunguo wa karakana. Alisema, "Pita tu, tazama turubai kama halijapeperuka." Nikapita. Turubai lilikuwa limeteleza upande. Wakati nalivuta nikaona chini ya boti, kwenye mkia, tundu la duara, na kizibo chake kimening'inia kwa kamba. Nikasema, yaani huyu mtu miaka saba anaziba nafasi kwa pamba, halafu tundu kubwa namna hii amelisahau. Nikalifunga. Nilikaza kwa spana. Nilifurahi kwamba nimemsaidia, na nilinuia kumwambia siku ya kuzindua, mbele ya watu.

Wiki hiyo mvua ilinyesha siku nne. Turubai nililolivuta mimi lilikuwa limeinamia ndani ya boti, maji yote yakaingia kwa mdomo wake kama kwenye mrija. Lile tundu lilikuwa la kutolea maji ya mvua. Mtu yeyote anayejua boti anajua. Maji yakakaa chini ya mbao za sakafu, hayaonekani, mimi nikarudisha ufunguo, na shemeji akarudi na kunishukuru.

Sasa nakwambia neno ambalo sijamwambia mtu. Shangazi aliposema kuna mto, mimi nilijua. Kuanzia ile sekunde nilijua ni maji gani, yameingia wapi, na nani kafunga. Kulikuwa na nafasi ya kushuka, kufungua kizibo, kungoja. Ningeonekana mpumbavu kwa muda wa chai moja. Nikasema ni mafuta ya injini.

Na kilichofuata ndicho kibaya. Shemeji hakunilaumu. Alisimama golini, akaizunguka boti mara moja, akaweka kiganja kwenye ubavu wake, akasema, "Ni nzito kuliko nilivyohesabu." Fundi naye akasema ndiyo, ni nzito sana. Mimi nikanyamaza. Alirudi karakana, akachukua chokaa, akapaka ule ukuta wote wa penseli. Miaka saba ya mistari. Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenieleza. Tangu siku hiyo hajaigusa boti. Hanisemeshi, si kwa hasira, ila mtu mwenye aibu huwaepuka waliomwona. Anadhani boti yake ndiyo iliyoniaibisha mbele ya watu. Ametuma salamu za pole kwangu, Ndugu Mkuu. Pole!

Mwalimu msaidizi amesema Jumamosi hii kuna mechi, na boti haiwezi kuwa golikipa. Shemeji amemjibu kwamba Ijumaa jioni atakuja na msumeno, ataipasua palepale, na mbao zake atazitengenezea shule madawati. Vitu vya kukaa pale vinapowekwa.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo:

Kwanza, mninyang'anye leseni hii maisha, na kama kuna leseni ya juu zaidi ambayo sijaiomba, mninyang'anye hiyo pia mapema.

Pili, kwenye mtihani wenu muongeze swali la "sijui", na mtu asipoweza kulitamka mara tatu kwa sauti mbele ya wakwe zake arudishwe nyumbani kwa miguu.

Tatu, mtu yeyote anayeitwa kwa jina la uzito apimwe.

Nne, na hili ndilo hasa lililonifanya ninunue bahasha: naomba ofisi yako imwandikie shemeji yangu barua. Barua rasmi, yenye kichwa na muhuri, imweleze kwamba uchunguzi umeonesha boti yake haina kosa, kwamba hesabu za ukutani zilikuwa sahihi, na kwamba uzito uliozidi ulikuwa maji ya mvua yaliyofungiwa ndani na mkwe wa ukoo. Unaweza kuniandika kwa cheo hicho tu, au ukipenda uandike "mtu asiyejulikana". Nimejaribu kwenda mwenyewe mara tano. Nafika mpaka mlangoni pa karakana, nasikia randa haifanyi kazi, nageuza. Mara ya tano nilimuuliza bei ya kabati. Ninyi mna mihuri, mmezoea kuwaambia watu mambo mabaya kupitia dirisha dogo. Naomba ifike kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo haitasaidia.

Nikimalizia, nisalimie wote ofisini: yule mama wa dirisha la tatu anayesema "rudi kesho" bila kuinua macho, mlinzi wa getini, na yule mtahini wa miwani yenye uzi kama bado yupo, mwambie simchukii, aliniona siku njema. Wasalimie na wa nyumbani kwako, hasa wakwe. Ukiwa nao, kaa chini, usisimame.

Ni mimi, mwenye makosa na mwenye utii,

Muuza magodoro, aliyekuwa akiitwa Tani Tano.

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Mkuu, utaona kona ya juu ya ukurasa wa kwanza imechanika. Ni leseni. Nimeibandua. Naomba unisamehe, na kila nilichoandika hapo juu kuhusu kunyang'anywa ukichukulie kama hakijaandikwa.

Ilikuwa hivi. Juzi nilimpa mke wangu bahasha aje nayo kwenu, kwa kuwa alikuwa anapita huko. Bahasha haikuwa na gundi ya kutosha, gundi yote nilikuwa nimeimalizia kwenye leseni. Anasema ilifunguka yenyewe. Mimi siulizi. Hakuja kwenu. Alikwenda kwa kaka yake.

Shemeji aliisoma amesimama, mpaka namba tisa, kisha akarudia namba tisa. Akavaa viatu. Leo asubuhi niliitwa golini. Nilimkuta amepiga magoti chini ya mkia wa boti, spana mkononi, hajanigeukia. Akasema, "Wewe ni mpumbavu sana, shemeji," kwa sauti ya kawaida kabisa, ya nyumbani, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Wiki tatu nilikuwa nangoja sauti hiyo. Akafungua kizibo.

Maji yalitoka, Ndugu Mkuu. Mwalimu msaidizi aliyapima kwa kengele ya shule: yalianza kipindi cha pili yakaisha mapumzikoni. Shemeji hakuondoka. Alikuwa anapitisha kiganja chini ya boti, ubao kwa ubao, kote kukavu. Akaniuliza, "Haya maji yameingia lini?" Nikasema wiki ile ya mvua. "Na siku zote hizi yalikuwa humu?" Nikasema yalikuwa humu. "Na hapa chini hapajalowa?" Nikasema hapajalowa. Akakaa kwenye nyasi zenye matope. Akasema, "Miaka saba silali vizuri nikiwaza itavuja. Imekata ua na maji tumboni, na haikuvuja hata tone." Akaanza kucheka, shangazi akapiga kigelegele kutoka kwenye kiti chake, na mimi nikageuka nikaangalia mlingoti wa goli, maana macho yalikuwa na kazi nyingine.

Msumeno umerudi karakana. Boti inaondoka kesho asubuhi, kabla ya mechi. Nilimwambia amwite yule dereva wa mbao. Akakataa. Akasema dereva wa mbao hajui kitakachoharibika, lakini mimi nimeshaorodhesha kila kitu kwa namba. Amenakili barua hii ukutani kwa penseli, juu ya chokaa, kuanzia namba nne mpaka namba saba, na kesho tunakagua mstari kwa mstari. Mpira wa chuma wa saizi yake nimeufunga. Minyororo ipo. Meza yangu ya dukani inacheza, kwa sababu ule ukurasa umerudi garini. Ndani ya boti shemeji amechora mstari mwekundu na kuandika: NYUMA YA HAPA ASIKAE SHANGAZI.

Kwa hiyo leseni nakaa nayo. Na kama mna mtu wa kufundisha kurudi nyuma na trela, naomba aje mapema, kwa sababu kibanda cha kinyozi kimejengwa upya na mwalimu yumo ndani, anamaliziwa ule upande wa pili.

Kizibo kiko kwenye mkoba wa mke wangu. Amesema atakitoa tukifika majini, na atampa kaka yake.